Sarafu Zenye Kasoro na Zenye Sura Tofauti: Zana ya Kufundishia Iliyomo Mfukoni

Malalamiko ya uhaba wa zana za kufundishia ni ya zamani katika shule zetu, nayo mara nyingi ni ya haki. Hata hivyo, ipo zana moja ambayo hata shule iliyo maskini kabisa haiikosi, nayo ni sarafu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ukusanyaji wa sarafu zilizotoka kiwandani na kasoro, pamoja na zile zilizobadilishwa nakshi kutoka toleo moja hadi jingine, unavyoweza kutumiwa kufundishia historia, hisabati na sayansi, na zaidi ya yote, kumzoeza mwanafunzi kutazama kwa makini kabla ya kutoa hukumu. Mambo nitakayoyaeleza niliyapata Makurunge, mahali ambapo barabara ya kwenda Saadani, Pangani na Tanga huachana na ile itokayo Bagamoyo kwenda Msata. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa limenifundisha zaidi kuliko masomo yote yaliyofanikiwa.

Nilikuwa nikifundisha Darasa la Sita. Katika somo la historia tulikuwa tumefika kwenye utawala wa Wajerumani, nami niliwataka wanafunzi waniletee sarafu yoyote ya zamani iliyokuwamo nyumbani kwao, kwa ruhusa ya wazee wao. Sikutazamia mengi. Lakini Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara itokayo bara, tena ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891 yalipohamishiwa Dar es Salaam. Fedha nyingi za kila namna zimepita katika mikono ya watu wa huku, na nyingine hazikutoka tena. Katika muda wa juma moja zilifika sarafu kumi na nne. Tulizipa namba na kuziandika katika daftari: senti za tundu za Afrika Mashariki, pesa mbili za shaba nyekundu, hela chache, shilingi za miaka ya 1960. Namba 14 ililetwa na msichana mmoja mkimya, ikiwa imefungwa katika pindo la kitambaa. Ilikuwa ni hela 20 ya mwaka 1916, ya shaba ya manjano, mali ya babu yake.

Mimi nilikuwa na picha moja tu ya hela 20, niliyoinakili kutoka kitabuni. Katika picha ile taji lilikuwa kubwa, na herufi L mbili za neno HELLER zilikuwa na ncha zilizochongoka. Sarafu ya yule msichana ilikuwa na taji dogo zaidi, na ncha za herufi zake zilipinda kama mkia wa nge. Tena ilikuwa imepigwa ovyo ovyo, ukingo wake haukuwa sawa. Niliiinua juu darasa zima wakaiona, nikasema, kwa sauti ya mtu ajuaye, kwamba hii ni ya bandia. Wanafunzi wakacheka. Msichana aliifunga tena katika kitambaa chake akarudi mahali pake.

Miezi kadhaa ilipita kabla sijapata kusoma orodha kamili ya sarafu za dunia. Humo nilikuta kwamba hela 20 za mwaka 1916 hazikuwa na sura moja. Upande wa taji una namna mbili, taji kubwa na taji dogo. Na upande wa thamani una namna tatu: iliyo na L zote mbili zenye ncha kali, iliyo na L zote mbili zenye ncha iliyopinda, na ile ambayo ni L ya pili peke yake iliyopinda. Zipo za shaba nyekundu na za shaba ya manjano. Sarafu niliyoiita ya bandia ilikuwa halali kabisa. Siku iyo hiyo jioni nilikwenda nyumbani kwa yule mzee, nikamwamkia na kumweleza kilichonileta. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, “Mwalimu, wewe ndiye uliyesoma. Uliposema ya bandia, sisi tuliamini. Nimekwisha kuwapa wale wanaonunua vyuma chakavu, pamoja na buli lililotoboka.”

Basi na tutazame kwa nini sarafu moja, ya mwaka mmoja na ya thamani moja, iwe na sura nyingi namna ile. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliziba pwani ya koloni, na sarafu kutoka Ujerumani zikakoma kuja. Kabla ya hapo hela na rupia zilipigwa chapa Berlin na Hamburg, nazo huonyesha alama ya herufi A kwa Berlin na J kwa Hamburg. Kwa kuwa askari na wapagazi walitaka malipo, na noti za dharura hazikupendwa, serikali ya koloni iligeuza sehemu ya karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha sarafu mwaka 1916. Hapo zilipigwa hela 5 na hela 20, pamoja na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, ambayo dhahabu yake ilitoka katika mgodi wa Sekenke. Zote zina alama ya T, yaani Tabora. Hela 20 zilizotolewa hazikupungua milioni moja na nusu; rupia 15 zilikuwa elfu kumi na sita na zaidi kidogo. Mnamo tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora na kazi ile ikawa imekwisha.

Katika karakana ya reli hapakuwa na mihuri ya feleji iliyotengenezwa na mafundi wa Berlin. Mihuri ilichongwa papo hapo, ikachakaa upesi, ikachongwa mingine. Na fundi achongaye kwa mkono hawezi kuirudia kazi yake bila tofauti. Hata rupia 15 ya dhahabu ina namna mbili: katika moja, pambo la upande wa kulia linakoma chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, na katika nyingine linakoma chini ya A ya kwanza. Tofauti ni ya upana wa unywele, lakini inatuambia kwamba muhuri zaidi ya mmoja ulitumika. Kwa mwanafunzi wa historia hii ni habari kubwa. Dola lililojigamba kwa nguvu zake limeacha ushahidi wa haraka na dhiki yake katika mkia wa herufi L.

Ili mwanafunzi aelewe habari hii hana budi kujua kwanza jinsi sarafu inavyotengenezwa. Bamba la madini hukatwa vipande vya mviringo visivyo na maandishi. Kipande kimoja huwekwa kati ya mihuri miwili ya feleji iliyochongwa kinyume, na mashine huibana kwa nguvu nyingi, madini yakajaa katika kila shimo la nakshi. Kutokana na hatua hizi chache twaweza kuzigawa tofauti zote katika mafungu. Kipande kikikatwa vibaya, sarafu hutoka imemegwa kwa umbo la mwezi mchanga. Kisipokaa katikati, chapa huenda upande mmoja na sehemu nyingine ikabaki tupu. Muhuri ukipasuka, ufa wake huonekana juu ya kila sarafu itakayopigwa baada ya hapo. Na sarafu iliyokwisha kupigwa ikinasa katika muhuri, kipande kinachofuata hupata sura ileile pande zote mbili, upande mmoja ikiwa imetokeza na upande wa pili ikiwa imebonyea na kugeuzwa kama katika kioo. Hizo zote ni kasoro. Taji kubwa na taji dogo si kasoro; hizo ni tofauti za nakshi, zilizotokana na mihuri tofauti. Na ziko zile zisizo kasoro wala tofauti ya nakshi, nazo ndizo nyingi kupita zote: sarafu zilizokwaruzwa, kugongwa nyundo, kutobolewa ili zivaliwe shingoni, au kulazwa juu ya reli na watoto watundu.

Kutenganisha fungu hili la mwisho na yale ya kwanza ndiyo kazi ngumu, na ndipo somo lilipo tamu. Mimi hufundisha jambo hili kwa muhogo na udongo wa mfinyanzi. Kila kundi huchonga muhuri kwa kipande cha muhogo mbichi, likichonga herufi tatu. Wengi husahau kuzigeuza, na udongo unapotoka na maandishi ya kinyume, darasa zima huelewa bila ya mimi kusema neno. Kisha nawaambia waukate muhuri ufa mwembamba kwa wembe na kuubana tena juu ya udongo. Mahali pa ufa hutokea mstari ulioinuka. Baada ya hapo wanaukwaruza udongo kwa kijiti, na mstari unakuwa umezama. Kuanzia siku hiyo hakuna mwanafunzi atakayeniletea shilingi iliyokwaruzwa akidai kwamba muhuri wake ulipasuka, maana atapitisha ukucha juu ya mstari kwanza. Ukiinuka, ulizaliwa na sarafu. Ukizama, sarafu iliupata duniani.

Kwa ile iliyomegwa kuna kipimo kingine. Sarafu iliyopigwa kutoka kipande pungufu huwa na ukingo dhaifu mahali panapoelekeana na pengo, ng'ambo ya pili, kwa sababu madini hayakupata kitu cha kuyasukuma. Sarafu iliyokatwa kwa tupa baadaye haina dalili hiyo. Nimewahi kuona mwanafunzi wa miaka kumi na miwili akimweleza hayo mtu mzima aliyetaka kumuuzia mwalimu wake sarafu iliyotiwa tupa. Nakiri kwamba nilifurahi kupita kiasi kinachostahili.

Kasoro iliyo maarufu kuliko zote katika eneo letu haikutokea Afrika. Mfalme Edward wa Nane wa Uingereza alitawala tangu Januari hadi Desemba 1936 tu, akajiuzulu kabla ya kutawazwa. Sarafu zenye uso wake hazikuwahi kuenea, lakini senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zina tundu katikati na hazina uso wa mtu, zina taji na jina. Hivyo zilipigwa na kusambazwa zikiwa na jina la mfalme huyo, na mpaka leo hupatikana. Kiwanda cha Heaton cha Birmingham, chenye alama ya H, kilipiga senti 10 zetu na pia peni ya Afrika Magharibi ya Kiingereza, ambayo nayo ina tundu na inalingana nayo kwa ukubwa. Siku moja fundi alichanganya mihuri. Zikatoka peni za mwaka 1936 zilizo na nyota ya Afrika Magharibi upande mmoja, na upande wa pili zina muhuri wa senti 10 ya Afrika Mashariki. Wakusanyaji huzitafuta sana. Katika darasa habari hii huzaa maswali ambayo mwalimu hakuyapanga: kwa nini fedha ya Tabora na ya Mombasa ipigwe Birmingham? Ni nani aliyeamua nchi hizi zitumie fedha ipi? Waache waulize.

Tofauti za nakshi katika senti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, zinatosha kufundishia nusu ya historia ya karne ya ishirini. Chukua senti 10 ya 1943 na ya 1949. Ya kwanza inamtaja George wa Sita kuwa mfalme na kaisari wa India. Katika ya pili cheo cha India kimeondolewa, kwani India ilikuwa imepata uhuru mwaka 1947. Chukua tena ya mwaka 1964, nawe hutaona jina la mfalme wala malkia yeyote. Mwanafunzi anaweza kuzipanga sarafu hizi tatu mezani na kusimulia kuanguka kwa dola bila ya kufungua kitabu. Jirani zetu wa Kenya nao wana mfano mzuri: sarafu zao za 1966 hadi 1968 zina uso wa Mzee Kenyatta usiozungukwa na maandishi, ilhali zile zilizoanza mwaka 1969 zina maandishi yanayomtaja kuwa rais wa kwanza.

Kwetu, Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa mwaka 1966, na sarafu za kwanza zina tarehe ya mwaka huo: senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura na shilingi moja yenye mwenge, zote zikiwa na uso wa Mwalimu Nyerere. Shilingi hizo zilikuwa mchanganyiko wa shaba na nikeli hadi toleo la mwaka 1984. Tangu 1987, zilipotoka zenye uso wa Rais Mwinyi, zilitengenezwa kwa chuma kilichofunikwa kwa nikeli. Mpe mwanafunzi sumaku kuukuu ya spika ya redio, na mbele yake shilingi ya 1966 na ya 1987. Ya pili itarukia sumaku, ya kwanza haitajali. Hapo somo la sayansi limeanza lenyewe. Na atakayeuliza kwa nini serikali iliacha madini ya bei kubwa ikachukua chuma, amekwisha kuingia katika uchumi wa miaka ile ya dhiki.

Kwa hisabati nitasema machache. Hadi mageuzi ya mwaka 1904 rupia moja ilikuwa pesa 64. Baadaye ikawa hela 100. Mwulize mwanafunzi, pesa 48 zilikuwa hela ngapi? Ni 75. Kodi ya kibanda iliyotangazwa mwaka 1897 ilikuwa rupia 3 kwa mtu wa shamba. Hizo ni pesa ngapi? Ni 192, na hesabu hii, tofauti na ile ya maembe na machungwa, ina watu ndani yake waliolazimika kuacha makonde yao kwenda kuitafuta fedha hiyo. Somo la Kiswahili nalo halikosi fungu lake, maana hela imetokana na Heller ya Wajerumani, pesa ilikuja na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, na thumuni, ambayo wazee wetu waliitia senti hamsini, ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya nane.

Wapo wanaodhani kwamba kuchungua tofauti ndogo za sarafu ni mchezo wa watu wenye nafasi. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani yetu wasingekubali. Reale ya fedha ya Maria Theresa wa Austria, iliyotumika huku kwa miaka mingi kabla ya rupia kuishinda, ina tarehe ya 1780 siku zote, hata ile iliyopigwa karne nzima baadaye Vienna, na hata zile zilizopigwa London na Bombay. Tarehe haikumsaidia mpokeaji. Alihesabu lulu za kishikizo cha malkia, zikiwa tisa akaridhika, zikipungua akaikataa. Mzee huyo wa sokoni alikuwa akifanya kile ambacho mimi sikukifanya mbele ya Darasa la Sita, isipokuwa yeye alijua sura nyingi na mimi nilijua moja.

Mwalimu atakayeanzisha kazi hii ajihadhari na mambo matatu. Sarafu zisisafishwe. Tabia ya kuzisugua kwa ndimu, jivu au mchanga huondoa ngozi ya juu pamoja na dalili zote tulizozitaja, na haina dawa. Pili, sarafu ibaki mali ya mwenyewe. Mwanafunzi aweke karatasi nyembamba juu yake, asugue kwa penseli pande zote mbili, aandike kipimo cha upana na uzito, kisha sarafu irudi nyumbani siku hiyohiyo. Kinachokusanywa shuleni ni michoro. La tatu ni uvumi wa bei. Madalali hupita vijijini wakisema kwamba rupia fulani au shilingi yenye kasoro ina thamani ya mamilioni, na watu wamepoteza akiba zao kwa kununua kwa tamaa ya kuuza. Kasoro nyingi haziongezi chochote juu ya thamani iliyoandikwa. Na zile za kale zaidi, kama vile sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa ambazo mvua huzifukua, haziuzwi hata kidogo: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na atakayeviokota anapaswa kutoa taarifa kwa wahusika. Mwalimu aliseme hili siku ya kwanza.

Daftari letu la Makurunge limefika namba sitini na tatu. Nilipomweleza yule msichana kwamba sarafu ya babu yake ilikuwa ya kweli, mbele ya darasa lilelile lililomcheka, hakusema kitu. Siku ya pili aliomba daftari, akafungua mahali pa namba 14, ambapo nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu neno “bandia”. Alilikata kwa mstari mmoja. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na sarafu ya kusugulia penseli, aliichora kwa kukumbuka: taji dogo, mwaka 1916, T chini yake, na upande wa pili herufi L mbili. Zote mbili amezipinda.